Picha za Matembezi Zataka Daftari

Miongoni mwa mambo ambayo watu hupenda kuyafanya wakati wa mapumziko, hakuna lililoenea upesi kama kupiga picha. Zamani kamera ilikuwa chombo cha watu wachache, lakini leo kila mwenye simu ya mkononi anayo kamera mfukoni, hata kama hakukusudia kununua kamera. Kwa sababu hiyo, kila Jumapili na kila sikukuu vijana huonekana ufukoni Mombasa, Malindi na Diani, au juu ya vilima vya Ngong, wakipiga picha za bahari, za miti, za ng'ombe, na za wao kwa wao. Jambo hili ni jema. Mtu atembeaye kwa miguu huku akitazama kwa makini hupata afya ya mwili, na pamoja nayo hupata maarifa ya nchi yake.

Hata hivyo, picha nyingi zipigwazo hivyo hazimfaidii mwenyewe wala wengine. Baada ya miaka miwili hakumbuki tena ilikuwa pwani ipi, wala mzee aliyesimama kando ya mashua aliitwa nani. Simu ikiharibika au ikiibiwa, picha zote hupotea siku moja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na picha nayo ni mali. Yafaa kila apendaye kutembea na kamera ajue namna ya kuipata picha njema, na tena namna ya kuitunza ili iwe na maana kwa wajukuu wake.

Picha nane zatosha

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak, na mwaka 1900 kampuni yake ikatoa kamera ndogo ya sanduku iitwayo Brownie, ambayo bei yake ilikuwa dola 1 tu. Tangu hapo upigaji picha ukawa kazi ya mtu yeyote. Kamera za sanduku zilifika Afrika ya Mashariki pia, na wengi walijifunza kwazo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilionyeshwa duniani kote, alianza akiwa mtoto wa shule, naye alikuwa na kamera ya sanduku iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Basi asiyekuwa na kamera ya thamani asikate tamaa. Jicho na subira ndivyo vitangulavyo.

Filamu ya kamera nyingi za sanduku ilikuwa na nafasi ya picha 8 tu. Tena filamu ilinunuliwa kwa fedha, ikaoshwa kwa fedha, na kila picha ikachapwa kwa fedha. Kwa hiyo mwenye kamera alitazama mara tatu kabla ya kubonyeza mara moja. Mwenye simu hana gharama hiyo. Aweza kupiga picha mia tatu katika matembezi ya asubuhi moja, na akifika nyumbani huchoka hata kuzitazama.

Zoezi lifaalo kwa anayeanza ni hili: kabla ya kutoka nyumbani, na aazimie kwamba atarudi na picha 8 tu. Akifanya hivyo mara nne au tano, ataona kwamba amejifunza kusimama, kuzunguka jambo analolitazama, kuinama, kusogea karibu, na kuuliza moyoni mwake ni kitu gani hasa kilichomvuta. Aghalabu kosa la picha mbaya ni moja: mpiga picha alikuwa mbali mno, akataka kutia kila kitu, na mwishowe hakuna kitu kilichoonekana.

Jua na maji ya bahari

Katika nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta jua hupanda upesi na kusimama juu ya utosi. Mombasa, katika Machi na tena katika Oktoba, ziko siku ambazo saa sita mchana kivuli cha mtu huwa chini ya miguu yake. Mwanga wa wakati huo ni mkali, hutia giza machoni pa watu na kuzifanya kuta, mchanga na majani kuwa bapa kama karatasi. Mwenye kutaka picha njema na atembee toka kuchomoza kwa jua mpaka saa 3 asubuhi, au toka saa 10 alasiri mpaka jua kuchwa. Katika saa hizo mwanga huja kwa upande, na vivuli virefu huonyesha umbo la kila kitu, hata nyayo za kaa mchangani.

Pwani ya Kenya yatazama mashariki, na jambo hili lina maana kubwa kwa mpiga picha. Asubuhi jua hutoka baharini. Basi afaa kuipa bahari mgongo na kuzipiga picha nyumba, minazi na magofu, ambayo wakati huo huangaziwa vizuri. Akitaka kupiga picha mashua saa hizo itakuwa kivuli cheusi mbele ya mwanga, jambo ambalo laweza kupendeza, lakini rangi za tanga na nyuso za mabaharia hazitaonekana. Jioni mambo hugeuka. Jua huwa upande wa bara, nalo huziangaza mashua zirudizo na samaki.

Tena hapana budi kujua habari za maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa mchana na usiku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi meta 3. Kwa hiyo atakaye kupiga picha mashua zikielea jioni, na aende wakati wa bamvua. Atakaye kuona matumbawe na madimbwi yenye samaki wadogo, na aende bamvua hiyohiyo asubuhi, maji yakiwa yamepwa mbali. Wakati wa maji mafu, juma moja baadaye, mambo huwa kinyume: maji hupwa jioni, lakini hayaendi mbali.

Habari hizi ni za usalama pia. Mtu aliyeinamia kamera yake juu ya mwamba husahau kwamba maji hurudi kwanza kwa njia za chini, nyuma yake, kabla hajayaona mbele yake. Mahali penye magenge marefu aweza kukosa njia ya kurudi. Asiyezijua pwani zile na awaulize wavuvi kabla ya kushuka, akubali wasemalo, na asiende peke yake. Picha haina thamani ya kufa kwa ajili yake.

Chumvi na mchanga

Adui wa kamera pwani ni watatu: chumvi, mchanga na unyevu. Upepo wa kusi huleta manyunyu ya bahari ambayo hayaonekani kwa macho, nayo hukauka juu ya lenzi na kuacha utando. Basi kila mtembezi na achukue kitambaa laini cha pamba. Kwanza apulize mchanga uondoke, maana akisugua lenzi yenye mchanga ataikwaruza daima. Baadaye apanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, kisha kwa kikavu. Kamera isikae siku nyingi ndani ya mkoba wa ngozi mahali pa joto na unyevu, kwa kuwa lenzi yaweza kuota koga kwa ndani. Heri ikae mahali penye hewa. Wala isiachwe ndani ya gari lililosimama juani.

Kuomba ruhusa

Liko jambo lililo kubwa kuliko mwanga na maji, nalo ni adabu. Mti na jabali havina siri, lakini mtu ana heshima yake. Wengi wakiwa safarini huwapiga picha wavuvi, wachungaji na kina mama wa buibui kana kwamba ni miti ya njiani. Kijana aliyefunzwa vema hutia kamera mkobani kwanza, akakaribia, akaamkia:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Natoka mjini, mzee. Nimelipenda dau lako, na lile tanga. Naomba ruhusa nilipige picha, na wewe ukiwa ndani yake ukikubali."

Mzee akikataa, kijana hushukuru na kwenda zake. Akikubali, mara nyingi hueleza mengine ambayo picha peke yake haingeyaeleza: mti uliochongewa dau, fundi aliyelichonga, na jina la mwamba aendako kuvua. Akiwaona watu wanasali, wanazika au wanaoga, mtembezi haulizi, hupita tu. Vilevile sehemu za majeshi, bandari na vivuko zina amri zake, na ni wajibu kuwauliza walinzi kabla ya kuitoa kamera. Na aliyeahidi kumletea mtu picha yake, na ailete. Wengi pwani na bara wamekwisha kuahidiwa picha zao na wasizione kamwe.

Adabu hii ina sababu nyingine, nayo ni ya historia. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mpaka ilipofika Kisumu mwaka 1901, walikuwako wapiga picha waliotunza habari zake, na mmoja wao, William D. Young, anajulikana mpaka leo. Watu pia walinunua kadi za posta zenye picha za wenyeji wa pwani. Katika picha nyingi za zama zile jina la mpiga picha lajulikana, lakini aliyepigwa picha ameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, au mchukuzi, au askari. Alikuwa na jina, na wazazi, na mtaa. Leo wajukuu wake waweza kumtazama usoni ndani ya jumba la makumbusho wasijue kwamba ni bibi yao. Hasara hiyo haiwezi kulipwa. Lakini mtu wa leo mwenye kamera aweza kujihadhari asiirudie, na kazi yenyewe ni ya dakika moja na kalamu.

Mahali pa kwenda

Karibu na Mombasa, kaskazini ya hori ya Mtwapa, yako magofu ya Jumba la Mtwana kando ya bahari. Ni mji uliokaliwa katika karne ya 14, wenye misikiti na nyumba za mawe ya matumbawe chini ya mibuyu. Mwanga wa asubuhi huingia humo kutoka baharini na kuonyesha kila jiwe. Hapo yafaa kumsimamisha mwenzi karibu na ukuta, ili atazamaye ajue urefu wake. Upande wa Malindi yako magofu ya Gedi msituni, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948. Humo miti mirefu huzuia jua, na mpiga picha hana budi kuegemeza kamera kwenye kitu kigumu isitikisike. Lakini asiiegemeze juu ya ukuta mkongwe, wala asipande juu yake, wala asiondoe jiwe ili picha ipendeze.

Kwa upande wa bara, vilima vya Ngong ni shule njema ya kupiga picha za mawingu na mabonde. Katika miezi ya baridi, toka Juni mpaka Agosti, ukungu hufunika vilele asubuhi nzima. Baada ya mvua hewa husafika, na macho huona mbali. Hapo kosa la wengi ni kupiga picha ya bonde lote tupu. Heri kutafuta kitu cha karibu, kama vile mti mmoja au njia ya ng'ombe, kiliongoze jicho mpaka mbali. Tena na aangalie kwamba upeo wa macho umelala sawa, maana bahari iliyoinama au bonde lililoinama humchosha atazamaye. Vilima hivyo vina upepo na upweke; watembezi na waende kwa kundi.

Gazi, kusini ya Mombasa, iko njia ya mbao ipitayo kati ya mikoko, ambayo kina mama wa kijiji wameitunza. Mikoko ilipandwa upya katika ghuba ile, na mwaka 2013 kazi ya wanakijiji iitwayo Mikoko Pamoja ilianzishwa ya kuihifadhi. Mtembezi aendaye huko mara moja atapata picha nzuri. Lakini akienda kila mwaka, akasimama mahali palepale, akaelekea upande uleule, atapata jambo kubwa zaidi, nalo ni habari ya mti unavyokua na pwani inavyogeuka.

Picha iliyo shahidi

Faida ya kusimama mahali palepale imekwisha kuonekana mlimani. Mwaka 1899 Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya, wakarudi na picha na ramani za barafu waliyoiona. Wengine waliokwenda baada yao walipima na kupiga picha tena. Kwa kulinganisha kazi za namna hiyo, wataalamu waliweza kusema kwamba Barafu ya Lewis, toka mwaka 1934 mpaka mwaka 2010, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Kama picha na ramani za zamani zisingalikuwa na tarehe na mahali, zisingalifaa kitu.

Pwani nayo imegeuka mara nyingi bila shahidi. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Kenya yakapauka na kufa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, na mikoko mingi ikafa katika hori ya Mwache, magharibi ya Mombasa. Bila shaka watu wengi walikuwa wametembea kando ya maji yale na kamera kabla ya miaka hiyo. Picha zao, ziliko, zingaliweza kuonyesha mahali mwamba ulipokuwa hai na mahali mikoko iliposimama, lau kama nyuma yake pangaliandikwa maneno matano.

Namna ya kuandika

Maneno yenyewe si mengi. Kwanza, mahali: jina la kijiji au pwani, na jina dogo ambalo wenyeji hulitumia. Pili, tarehe na saa. Tatu, upande ambao kamera ilielekea. Kama ni baharini, maji yalikuwa yamejaa au yamepwa. Nne, majina ya watu, kama wamekubali yaandikwe. Tano, jina la mpiga picha. Maneno haya yaandikwe katika daftari ndogo siku ileile, kabla ya kulala, kwa kuwa kesho husahaulika. Picha iliyochapwa na iandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, sababu wino hupenya na kuchafua uso wa picha. Picha za simu zitolewe, zipewe majina yenye mwaka, mwezi na siku, na ziwekwe mahali pawili palipo mbalimbali. Zile 8 zilizo bora za kila mwaka zichapwe karatasi, maana karatasi haihitaji umeme wala neno la siri.

Kazi nyingine yenye faida ni kuwapelekea wazee albamu. Mzee akionyeshwa picha ya pwani aliyoijua utotoni atasema palikuwa na kisima hapa, na mbuyu ule ulikuwa mpaka wa shamba la fulani. Kijana na ayaandike hayo pia. Majina ya miamba, ya vilima na ya visima yamo katika vichwa vya wazee, na mengi hayamo katika ramani yoyote.

Basi atakayetoka Jumamosi kwa matembezi, na achukue maji ya kunywa, kofia, kitambaa cha pamba, daftari na penseli, na kamera ya namna yoyote aliyo nayo. Aulize habari za maji, aamkie watu, apige picha 8, na kabla ya kulala aandike alikokuwa na aliowaona. Mwaka ujao arudi palepale.